Nilimwamkia msimamizi kwa Kiswahili, jua likiwa utosini

Shikamoo Kocha,

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina miaka 34, na huu ni mwaka wa sita naishi kaskazini mwa Uingereza. Nilianza kukimbia ili kupunguza mawazo, nikajiunga na klabu, na wenzangu wakanipeleka milima ya Lake District. Nikanogewa. Barabara siitaki tena. Nataka mbio za milimani, zile ambazo huku wanaziita mbio za fell, ambako hakuna njia iliyochorwa: una ramani na dira, unakata kwenye nyasi, matope na mawe, unapanda hiki na kushuka kile mpaka jioni.

Mwezi wa sita niliingia mbio ndefu, zaidi ya kilomita 30. Sitazitaja. Bondeni ilikuwa nyuzi 28 na hakuna wingu. Asubuhi wenzangu walinipigapiga mabegani: "Leo ni siku yako, wewe umetoka Afrika." Nami nikaamini, nikaondoka kwa kasi ile ile niliyoizoea wakati wa baridi.

Milima miwili ya kwanza nilipanda vizuri. Wa tatu unapandwa kwenye makangaga yanayofika kifuani, hakuna upepo hata wa dawa, na moyo ukaanza kunidunda mpaka masikioni. Goti lilikuwa linauma, nikameza vidonge viwili vya ibuprofeni. Nikatapika. Kisha nikaanza kuhisi baridi, malaika yakanisimama mikononi, jua likiwa utosini. Sikumbuki nilivyofika kituo kilichofuata. Msimamizi, mzee mmoja, alinisimulia baadaye kwamba aliniuliza namba yangu, nikamjibu kwa lugha asiyoijua, huku nimeinama kwa adabu. Neno moja alilishika akanitamkia: shikamoo. Mzee wa watu alinishika mkono, akanikalisha kwenye kijito, maji yakanifika kiunoni, akawa ananimwagia kichwani kwa kofia yake. Nilipojitambua nikaanza kulia.

Waliponishusha kwa gari niliona aibu, nikasema niko sawa, nikaenda nyumbani. Usiku ule na kesho yake mkojo ulikuwa wa kahawia kama chai ya rangi, halafu ukasafika. Wiki mbili baadaye nikaona kosa langu lilikuwa kunywa maji kidogo, basi kwenye mazoezi yaliyochukua muda wa saa nne, siku yenye ubaridi, nikanywa lita tano. Kichwa kiliniuma sana, pete ikagoma kutoka kidoleni, na nilipopanda mizani nilikuwa nimeongezeka kilo moja na nusu.

Nimejiandikisha mbio nyingine ndefu zaidi mwishoni mwa Agosti, na mwakani nilikuwa nataka kujaribu mzunguko wa Bob Graham, ule wa vilele 42 vya Lake District ndani ya saa 24. Mume wangu anasema niache kabisa. Wengine wanasema tatizo ni mtandio na mikono mirefu ninayovaa. Kocha, mtu wa Tanga anashindwaje na jua la Uingereza? Je, mwili wangu haufai kwa mbio hizi?

Binti wa Tanga

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale kwenye shikamoo. Nianze hapo, kwa sababu wewe umepapita haraka kana kwamba ni kituko cha safari.

Mchovu wa kawaida hutapika, husikia kizunguzungu, miguu hukataa, lakini ukimuuliza namba yake atakujibu kwa lugha uliyomuulizia. Huo ni uchovu wa joto, na kivuli, maji na kupumzika huumaliza. Wewe ulikuwa umeshavuka hapo. Mtu anapokuwa kwenye joto, anafanya kazi nzito, halafu akili ikavurugika, tunamchukulia kama mwenye kiharusi cha joto, yaani joto la ndani ya mwili limepita nyuzi 40 na ubongo umeanza kuumia, mpaka ithibitike vinginevyo. Hakuna aliyekupima siku ile, kwa hiyo siwezi kukuambia ulifika nyuzi ngapi. Lakini ulikuwa mgonjwa, na kwenda kwako nyumbani kumenitia hofu, ingawa wiki kadhaa zimepita.

Kisha kuna mkojo wa rangi ya chai. Misuli ikiumia vibaya, na miteremko mirefu huiumiza kuliko hata mipando, hutoa vitu kwenye damu ambavyo figo hulazimika kuvichuja. Joto, upungufu wa maji na ibuprofeni, vyote vitatu kwa pamoja, huzielemea figo hizo hizo. Mkojo wa namna ile ni wa kwenda hospitali usiku ule ule. Sasa basi, kabla ya mazoezi yoyote ya nguvu, piga simu kwa GP wako, yaani daktari wako wa kawaida. Mweleze yote kama ulivyonieleza mimi, pamoja na kuchanganyikiwa, na uombe kipimo cha damu cha figo na cha misuli. Usimfichie kwa kuogopa atakukataza.

Na ibuprofeni usiimeze tena ukiwa mbioni. Ikiwa goti haliendi bila kidonge, goti halijawa tayari kwa mlima.

Sasa nije kwenye swali lako kuhusu Tanga, maana naona ndilo linalokuuma zaidi.

Kuzoea joto si kitu unachozaliwa nacho ukakibeba maisha yote kama jina la ukoo. Ni mabadiliko ambayo mwili huyafanya ukikaa na kufanya kazi kwenye joto. Maji ya damu huongezeka ndani ya siku chache, jasho huanza kutoka mapema na kwa wingi, chumvi kwenye jasho hupungua, moyo hutulia. Inachukua kama siku 10 hadi 14. Ukiondoka kwenye joto, mabadiliko hayo huanza kufutika, na baada ya mwezi hivi mengi yamekwisha. Wewe una miaka sita ya mvua na koti. Juni ile ulikuwa na mwili wa Cumbria, mkoa wa milima hiyo ya Lake District, kama wenzako wote, isipokuwa wao walijihadhari na wewe uliambiwa huna haja. Walisema kwa upendo, najua. Lakini maneno yale yalikufanya usipunguze kasi, na kasi ndiyo iliyokuangusha.

Maana joto la mlimani kwa sehemu kubwa halitoki juani. Linatoka kwako. Katika nguvu yote misuli inayochoma, kama robo tu ndiyo inayokupandisha; iliyobaki, robo tatu au zaidi, ni joto tupu linalotafuta pa kutokea. Na pa kutokea hasa ni jasho linalokauka. Jasho linalodondoka chini halijakupoza. Sasa fikiria pale kwenye makangaga. Unapanda mwinuko mkali, injini inaunguruma kwa nguvu zake zote, lakini mwendo wako ni wa kutembea, kwa hiyo hutengenezi upepo wako mwenyewe kama mkimbiaji wa barabarani. Makangaga yamekuzingira, hewa imesimama na ina unyevu. Mti wa kivuli hakuna. Hata kilele hakina msaada mkubwa wa ubaridi, kwa sababu hewa hupoa kwa kama nyuzi sita na nusu tu kila mita 1,000, na Scafell Pike, mlima mrefu kuliko yote ya England, una mita 978. Nyuzi 28 bondeni bado ni 22 kileleni. Kinachokuokoa juu ni upepo.

Kwa hiyo mpando wa bondeni usio na upepo ndio wa kuogopwa, hata ukiwa mfupi. Upande kwa pumzi ya mtu anayeweza kusema sentensi nzima bila kukata. Ukishindwa kuimaliza sentensi, punguza, hata kama kundi zima linakupita. Kwenye joto moyo hupiga haraka zaidi kwa mwendo ule ule, kwa hiyo kasi ya Februari ni kasi nyingine kabisa mwezi Juni, hata saa yako ikionyesha tarakimu zile zile.

Kuna kitu nilikiona mwaka mmoja nikiwa msimamizi wa kituo kwenye njia ya mlimani, siku ya jua kama yako. Alikuja kijana mwenye nguvu zake, uso umepauka. Akaketi kwenye jiwe, akafungua mkoba wake, akatoa glavu. Akaanza kuvaa. Vidole vilikuwa vinatetemeka, akaingiza viwili kwenye tundu moja, akatoa, akaingiza tena, taratibu, kama mtoto anayejifunza. Nikamuuliza, vipi? Akasema, "Niko sawa, nasikia baridi kidogo." Mimi nilikuwa nimevua shati la juu kwa joto. Tulimlaza kwenye maji pale pale, na asante Mungu alipona. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia anasikia baridi chini ya jua, simuulizi swali la pili.

Ndiyo maana sitaki utegemee busara yako ukiwa mbioni. Kichwa ndicho kinachoamua kuendelea au kuacha, na kichwa hicho hicho ndicho joto linachokiharibu. Uamuzi lazima uwe umekwisha kufanywa nyumbani, umekaa, umepoa. Andika kwenye karatasi uibandike nyuma ya ramani: nikitapika na maji yakakataa kukaa tumboni, nasimama kituo kinachofuata. Nikisikia baridi juani, nakaa kwenye maji hapo hapo na kuita mtu. Nikijikwaa mara tatu mahali pasipo na jiwe, nasimama. Kisha mpe mwenzako wa klabu nakala, na mkubaliane kwamba akikwambia "karatasi", hakuna ubishi.

Najua tumelelewa na maneno ya jikaze kisabuni, na bora punda afe mzigo ufike. Katika mbio hizi punda na mzigo ni mtu mmoja. Kujitoa kumo ndani ya kanuni za mchezo huu. Sharti lake moja tu, nalo ni kubwa: ukijitoa, lazima ujiripoti kwa waandaaji. Usipofanya hivyo vikosi vya uokoaji vitapanda mlima kukutafuta usiku wakati wewe uko kitandani. Na ukimkuta mwenzako katika hali uliyokuwa nayo wewe, mbio zako zimeishia hapo. Mpoze kwanza, kumsafirisha baadaye: kijito, kiziwa, chochote chenye maji, mwili mwingi uwezavyo uwe ndani na kichwa chake ukishikilie juu ya maji. Pasipo na maji ya kumlaza ndani, mloweshe na kumpepea bila kuacha. Anayepozwa ndani ya nusu saa ana nafasi kubwa sana ya kupona, na mlimani gari la wagonjwa halifiki kwa nusu saa. Mtu wa pili apige 999, aombe polisi, kisha uokoaji wa milimani. Simu ikikosa mtandao, filimbi: mara sita ndani ya dakika moja, unanyamaza dakika moja, unarudia. Asiyejitambua usimnyweshe kitu.

Yule mzee wako alifanya hayo yote kwa kofia. Nitarudi kwake.

Lita zako tano sasa. Hapo mwanangu ulikimbia simba ukaangukia kwa mamba. Pete iliyogoma, kichwa kuuma na kilo kuongezeka ni dalili za maji kupita kiasi, chumvi ya damu ikawa nyepesi. Hali hiyo ikizidi hupumbaza, huleta degedege, na huua, tena dalili zake hufanana na za joto. Mkimbiaji anapaswa kumaliza akiwa amepungua kidogo. Akimaliza mzito kuliko alivyoanza, amekunywa kupita kiasi. Na vidonge vya chumvi havikukingi ukiendelea kujijaza maji.

Kunywa kwa kiu, na ujue jasho lako. Siku ya joto jipime bila nguo, kimbia saa moja, jikaushe, jipime tena. Ukiwa umetoka kilo 62 ukarudi 61.1, na njiani ulikunywa nusu lita, basi umetoa jasho la kama lita 1.4. Si lazima uirudishe yote. Tumbo la wengi halipokei kwa raha zaidi ya lita moja kwa saa, na ukiwa umechemka hupokea pungufu ya hapo kwa kuwa damu imekimbilia kwenye ngozi. Ndiyo maana chakula nacho hukataa. Anza kula mapema, kidogo kidogo, kabla tumbo halijafunga. Kiangazi kikikaza vijito vidogo hukauka, kwa hiyo usipange safari kwa kutegemea mstari wa buluu kwenye ramani. Uliza waliopita wiki ile.

Kuhusu mtandio, usiwasikilize. Kitambaa chepesi, kilicholegea na chenye rangi hafifu kinakukinga jua, na kikiloweshwa ni dawa. Kila kijito unachovuka, uchovye, uukamue nusu, uuvae, maji yateremke shingoni. Mikono mirefu nayo iloweshe. Nimewaona wenye vifua wazi wakiungua mpaka malengelenge na wasipate nafuu hiyo. Kosa lingekuwa nguo nzito, nyeusi au inayobana. Koti la mvua, kofia na glavu zitabaki mkobani kama kanuni zinavyotaka, hata juani, mpaka mwandaaji aseme vinginevyo.

Mbio za Agosti ningejitoa. Sikuachii nafasi ya kujadiliana katika hili. Aliyeangushwa na joto hushikwa kwa urahisi tena, na hata daktari akikuruhusu kesho utahitaji wiki kadhaa za kurudi polepole. Andikia waandaaji mapema, mwingine apate nafasi. Nenda siku hiyo kama msimamizi wa kituo. Utajifunza mengi ukitazama nyuso za watu kilomita ya 25.

Mzunguko wa Bob Graham, huo sitaki uuache. Mwaka 1932 Bob Graham mwenyewe alizunguka vilele 42 akatoka na kurudi mji wa Keswick ndani ya saa 24, na wewe una mwaka mzima wa kujiandaa. Mipango ya joto huanzia kwenye saa ya kuondoka. Kwa mzunguko wa kufuata mshale wa saa, ukianza saa moja jioni utafika bonde la Wasdale asubuhi na kuupanda mlima wa Yewbarrow kabla jua halijakaza. Ukianza saa sita usiku, mpando huo, ambao ni ukuta hasa, utaukuta saa nane au saa tisa mchana, miguu ikiwa na saa 14 ndani yake. Wengi hupanga kwa kuangalia giza tu. Wewe panga pia kwa kuangalia Yewbarrow.

Na uzoee joto kwa makusudi, wiki mbili kabla. Wanaoishi kwenye baridi kama ninyi wana njia rahisi iliyojaribiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Bangor, kule Wales: unakimbia kama kawaida, kisha unaingia kwenye beseni la kuogea lenye maji ya nyuzi 40, shingo nje, mpaka dakika 40, siku sita mfululizo. Anza na dakika 15. Mtu awepo nyumbani. Ukisikia kizunguzungu toka, polepole. Ukiwa mjamzito, au daktari akikuta tatizo la moyo au la presha, njia hii haikuhusu. Na usiiguse kabla ya majibu ya damu.

Mumeo mwambie hofu yake ina msingi. Mwonyeshe ile karatasi ya nyuma ya ramani, na yeye pia awe na nakala.

Lililobaki ni yule mzee. Waandaaji wanamjua alikuwa kituo gani. Mtafute kabla hujaenda kwa daktari, umshukuru, na umuulize mambo mawili: ulifika kituoni saa ngapi, na ulikaa kwenye maji dakika ngapi kabla hujaanza kumjibu kwa Kiingereza. Yaandike. Daktari atayahitaji.